Nyumba ya Safari ya Bwana na Bibi: Ukubwa Gani Unatosha?



Mtu akifika Panda kwa mara ya kwanza, hakawii kujua kama amefika mji wa chuma. Ni hapa, katika komini hii ya Likasi, Kompani iliweka karakana zake kubwa, Ateliers Centraux de Panda, mahali vipande vya mashine vilitengenezwa kwa kazi ya migodi na viwanda. Wababa wengi wa hapa walijua chuma kupitia kazi hiyo, na wengine wakafundisha watoto wao. Basi ukitaka mlango, kitanda, pusupusu ao remorki, hauendi mbali. Utasikia nyundo, utaona moto wa kuchomelea, na fundi atakuuliza neno moja mbele ya kutaja bei: "Unataka ya bukubwa gani?"

Swali hilo ni fupi, lakini limegombanisha watu wengi. Kwa maana familia nyingi za Panda hazilali mjini mwaka mzima. Mvua ikianza, Oktoba ao Novemba, wengine wanatoka kwenda kulima, na shamba likiwa mbali wanalala kule majuma mazima. Wengine wanaenda upande wa Kapolowe na ziwa Tshangalele kwa biashara ya samaki. Wengine wanachoma makala porini. Kila mmoja anahitaji nyumba ya safari, hata ikiwa ni bashi na miti tu.

Katika inchi za mbali, kama Marekani, Ulaya na Afrika ya Kusini, bwana na bibi waliopata pensheni wananunua mara nyingi remorki ya kulala, inayokokotwa na gari lao, yenye kitanda, jiko na tanki ya maji. Hao nao wanaumiza kichwa kwa swali lile la fundi wetu. Ikiwa ndogo, watakanyagana. Ikiwa kubwa, gari litashindwa mlimani. Kumbe bashi ya maskini na remorki ya tajiri zina shida moja. Mbele ya kumujibu fundi, tutembee kidogo katika barabara za zamani, tuone wengine walipima namna gani.

NYUMBA ILIYOPIMWA NA OFISI

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mwanzoni ilichukua watumishi kwa muda mufupi, wengi bila bibi, na muda ukiisha wakarudi kwao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadilisha mupango: ikataka mutumishi akae na bibi na watoto wake. Ndipo makambi ya familia yakaenea. Nyumba ilitoka kwa Kompani, posho ilitoka kwa Kompani, dispanseri na masomo vilevile. Serikali ilipochukua migodi mwaka 1967, na Gécamines ikarisi kazi, desturi hiyo iliendelea.

Tusidharau nyumba zile, kwa sababu watu wengi walizaliwa na kulelewa ndani yake. Lakini tukumbuke jambo moja: ukubwa wake ulipangwa katika ofisi. Bwana hakuulizwa, na bibi ndiyo zaidi. Halafu, katika miaka ya 2003 na 2004, watumishi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mupango wa "départ volontaire" uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Bwana na bibi wengi wakajikuta kwa mara ya kwanza wakikaa chini ili kupima wenyewe: shamba gani, kibanda gani, mizigo gani. Kazi hiyo hawakuizoea.

GARI LA NG'OMBE LA LIVINGSTONE

Watu wengi wanajua jina la David Livingstone. Wachache wanajua safari za bibi yake, Mary. Nyumba yao ya safari ilikuwa gari kubwa la mbao, lenye paa la turubai, likikokotwa na ng'ombe wengi, wawili wawili. Ndani mulikuwa kitanda na masanduku. Ukitazama ukubwa wake, utasema iliwatosha.

Mwaka 1850 Livingstone alienda na Mary na watoto watatu mpaka ziwa Ngami, katika inchi inayoitwa leo Botswana. Homa ikashika watoto, wakarudi. Mwaka 1851 akawachukua tena, na wakati huo Mary alikuwa na mimba. Mama mukwe alikuwa amemwandikia Livingstone barua kali juu ya safari hiyo, lakini wakaondoka. Njiani, katika inchi kavu, kiongozi akapotea na maji ndani ya gari yakaisha. Watoto walikaa siku kadhaa karibu na kufa kwa kiu, mpaka watu waliotumwa wakarudi na maji. Wakati wa kurudi, mwezi wa Septemba, Mary alizaa kando ya mto. Mwaka 1852 Livingstone akapeleka bibi na watoto Cape Town, wakapanda meli kwenda Uingereza.

Gari lilikuwa kubwa. Kilichokosekana ni maji, na sauti ya yule aliyebeba mutoto tumboni haikusikiwa sana wakati wa kupima safari.

MASHUA MBILI FUNGURUME

Tukaribie sasa kwetu. Fungurume si mbali na Likasi. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya kwanza, Waingereza walitaka kupeleka mashua mbili za vita mpaka ziwa Tanganyika ili kupigana na Wadeichi. Mashua hizo, Mimi na Toutou, zilikuwa na urefu wa mita 12 hivi kila moja. Zilitoka Uingereza kwa meli mpaka Cape Town, zikapanda reli kupitia Elisabethville, na kushushwa Fungurume.

Mwezi wa Agosti zikawekwa juu ya magurudumu na kukokotwa na mashine mbili za mvuke, kupitia milima ya Mitumba mpaka Sankisia, mahali reli ilianza tena. Barabara ilifunguliwa katika pori, na madaraja zaidi ya mia moja yalijengwa ao kutiwa nguvu. Penye mupando mukali, ng'ombe na mamia ya watu walivuta kwa kamba. Ilikuwa kipindi cha ukavu. Mashine za mvuke zikakosa maji, na wamama wa vijiji waliajiriwa kuchota maji mbali na kuyaleta kwa vichwa vyao ili mashine zitembee. Mwisho wa Septemba zikafika Sankisia, na mwezi wa Desemba zikawa ziwani.

Vitabu vya vita vinataja jina la komanda, Spicer-Simson, na vinasifu mashine. Mimi nafikiri wale wamama. Aliyepanga ukubwa wa muzigo kule London hakuhesabu vichwa vyao. Lakini bila wao, mashine zingesimama porini.

BWANA NA BIBI SPRINGER

Sasa mufano wa namna ingine. Wametodisti wa Katanga wanajua jina la John Springer, aliyekuwa askofu tangu 1936. Bibi yake, Helen, alikuwa mujane aliyekwisha kutumika kando ya mto Congo katika miaka ya 1890. Walioana mwaka 1905, katika inchi inayoitwa leo Zimbabwe. Mwaka 1907 walianza safari kubwa pamoja: kutoka Broken Hill, ndiyo Kabwe ya leo katika Zambia, mahali reli ilifika mwaka 1906, wakaenda kwa njia ya wapagazi mpaka Angola. Baadaye walirudi, na kazi yao ikaota mizizi huku kwetu, Kambove, Panda na Mulungwishi. Hata leo Mulungwishi ni mahali pa masomo ya Kanisa.

Kwa nini hawakuchukua gari la ng'ombe kama Livingstone? Kwa sababu ya ndorobo, yule nzi wa malale. Sehemu nyingi za inchi hizi ng'ombe walikufa kwa kuumwa naye. Basi kila kitu kilipita juu ya bega ao kichwa cha mutu, na muzigo wa mupagazi mumoja ulikuwa karibu kilo 25 mpaka 30. Hesabu hiyo inafundisha sana. Ukitaka meza ingine, ni mupagazi mwingine. Ukiongeza mupagazi, unaongeza unga wa kumulisha, na unga huo nao unataka mutu wa kuubeba.

Jambo ninalopenda kwa hawa wawili ni hili: bibi hakuwa muzigo katika safari ya bwana. Alijua Congo mbele ya bwana yake, na kila mumoja wao aliandika kitabu juu ya Afrika kilichotoka mwaka 1909. Walipopima safari, watu wawili wenye ujuzi walipima.

Na Biblia inatupa mufano wa zamani zaidi: Akila na Prisila, ambao kazi yao ilikuwa kushona mahema. Tunawakuta Korintho, tunawakuta Efeso, na walikwisha kufukuzwa Roma. Kila mara wanatajwa wawili pamoja.

NYUMBA AMBAYO HAKUNA ALIYEICHAGUA

Hatuwezi kusema juu ya nyumba za safari hapa Likasi bila kutaja miaka ya 1992 na 1993. Watu wa asili ya Kasai, ambao wengi walizaliwa hapa hapa, walifukuzwa katika makao na kazi zao. Maelfu ya familia za Likasi walikaa wakingojea treni, karibu na gare na katika majengo ya masomo, majuma na miezi. Treni ilipofika, wakajaa katika mabehewa, na safari ilikuwa ndefu sana. Watu walikufa katika kungojea na njiani, zaidi watoto.

Katika behewa, bwana na bibi hawakuchagua ukubwa. Walichagua tu cha kubeba na cha kuacha: mashini ya kushona ao sufuria, kitanda ao unga. Anayefukuzwa hana nafasi ya kupima kama anayesafiri kwa hiari yake. Sisi tunaoweza kukaa kwa meza na kuulizana "tufanye ya mita ngapi?" tuko na neema kubwa, na tuitumie vizuri.

BASI, TUPIME NAMNA GANI?

Sikiliza mazungumuzo haya, ambayo yanasikika katika lupango nyingi mbele ya safari:

"Mama, safari hii tubebe byote."

"Byote, Papa? Na kichwa ya nani?"

Jibu la mama huyu ndilo kanuni ya kwanza: atakayebeba ao kuvuta awe na neno katika kupima. Zinazofuata ni za kazi.

1. Hesabuni uzito mbele ya urefu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Tuseme mumepanga siku chache shambani, watu wawili: maji kilo 20, unga kilo 10, sufuria na sahani kilo 5, mukeka na mablanketi kilo 8, majembe kilo 4, bashi kilo 5. Jumla ni kilo 52, ndiyo mizigo miwili ya wapagazi wa zamani, na hamujatia mbegu. Kama kisima kiko karibu na shamba, muzigo unakuwa kilo 32. Basi kuuliza habari ya maji kunaweza kupunguza zaidi kuliko kukata mita moja ya bashi. Wenye remorki ya kulala wanaonywa vilevile: uzito unaoandikwa wakati iko tupu si ule utakaovutwa ikijaa maji, gazi na nguo.

2. Jueni bashi inatoa nafasi gani. Bashi ya mita 3 kwa 4, ukiitupa juu ya muti wa mita 3 ulioinuliwa mita 1,50, inashuka mita 2 kila upande. Chini unapata karibu mita 2,60 kwa 3. Kitanda cha mita 1,40 kwa 1,90 kinaingia, na mifuko miwili. Lakini hamutasimama wima. Kwa siku mbili tatu inatosha. Bashi ya mita 4 kwa 5, juu ya muti wa mita 4 ulioinuliwa mita 1,80, inatoa karibu mita 3,40 kwa 4. Humo mutu anasimama katikati, mahindi yanakaa pakavu, na mumoja anaweza kupita bila kumuamsha mwingine. Kwa majuma mengi ya mvua, hiyo ni afadhali. Miti mutakata kule kule. Bashi tu ndiyo inasafiri. Musisahau kufunga mbele na nyuma kwa majani ao kitambaa kingine.

3. Acheni mbabula inje. Mwezi wa Juni na Julai usiku wetu ni baridi, na watu wanajaribiwa kuingiza mbabula ndani na kufunga mulango. Makala inayowaka ndani ya nafasi iliyofungwa inatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mutu analala bila kuamka tena. Nyumba ikiwa ndogo, hatari inazidi. Kwa hiyo, katika kupima, hesabuni kipande cha paa inje kwa jiko, na blanketi moja zaidi kwa baridi. Neno hili ni la uzima, mama na baba, vijana pia mulishike.

4. Wekeni muzigo sawa juu ya gurudumu. Mukiagiza pusupusu ao remorki kwa fundi, mulizeni gurudumu litakaa wapi. Uzito mwingi uwe juu yake, na kidogo uelekee mbele, kwa anayevuta. Kwa remorki ya gari, karibu sehemu moja kwa kumi ya uzito wote inapaswa kukandamiza ndoano ya mbele. Ukijaza nyuma, mukia unayumba katika mwendo, na gari linaweza kutoka barabarani. Kwa pusupusu, ukijaza nyuma, mikono inainuka. Ukijaza mbele sana, mugongo unavunjika.

5. Kitanda kibaki kitanda. Katika remorki ndogo za Wazungu, mara nyingi meza inageuzwa kuwa kitanda kila jioni na kuwa meza tena asubuhi. Kwa siku chache ni muchezo. Kwa miezi ni ugomvi, zaidi mumoja akitaka kulala na mwingine akitaka kula. Hata chini ya bashi, tengeni upande wa kulala ambao mizigo haiingii.

6. Jaribuni kwa majivu. Hii haina bei. Jioni moja chukueni majivu ya jiko, muchore katika lupango umbo la nyumba munayofikiri, kwa mita za kweli. Tandikeni mukeka ndani, wekeni mifuko na bidoni mahali pake. Bwana alale, bibi apite kwenda kuchukua maji, halafu mubadilishane: bibi alale, bwana apite na bidoni mukononi. Kama mumoja anatoka inje ya mustari kila mara, mutaona kwa macho, hapana kwa maneno. Kisha fungeni mizigo yote, kila mumoja ainue sehemu yake na kuzunguka lupango mara tatu. Kinachoanguka ao kinachoumiza shingo, kizungumuzwe hapo hapo, kabla fundi hajakata chuma na kabla franka haijatoka.

Utaona mara nyingi kama bwana anapenda kuongeza na bibi anapenda kupunguza, ao kinyume. Hakuna ubaya. Anayeongeza anafikiri mvua na mahindi. Anayepunguza anafikiri mupando na mugongo. Wote wawili wanasema kweli, na ukubwa unaofaa uko kati ya kweli hizo mbili. Mukishindwa kukubaliana, anzeni na ndogo kwa safari moja fupi. Bashi ndogo itapata kazi siku zote, hata kufunika mahindi. Remorki kubwa iliyoshindikana inakaa katika lupango na kuota kutu.

MASWALI YA KUZUNGUMUZA NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Katika safari ya mwisho ya familia yetu, nani alipanga mizigo, na nani aliibeba?

2. Mama ao dada wa nyumbani anachota maji mara ngapi kwa siku kule shambani? Tulihesabu hayo mbele ya kuchagua mahali pa kujenga kibanda?

3. Kijana anayetaka kuoa: nyumba unayoiandaa, wewe mwenyewe umeipima, ao umeuliza na atakayeishi ndani yake?

4. Wazee wetu walio hai wanakumbuka nini juu ya makambi ya Kompani, na juu ya treni za 1992 na 1993? Tuwaulize wangali pamoja nasi, na tusikilize mpaka mwisho.